Ghlana Aliyeogopa Kukonda

Jina lake si Ghlana. Alikubali niandike habari zake kwa sharti nimvishe jina jingine, na hilo alilichagua mwenyewe. Alisema ni la shangazi yake mmoja aliyekuwa mnene kuliko wote katika ukoo, na aliyekufa mzee sana.

Kazi yake ilikuwa kunenepesha wanawali. Hapa Golmim, kusini mwa Moroko, zamani kila mtaa ulikuwa na mwanamke wa kazi hiyo. Siku hizi wamebaki wachache. Msichana akishaposwa, mama yake humpeleka kwa mnenepeshaji mwezi na zaidi kabla ya harusi, akaingizwa chumba cha nyuma, akalishwa. Uji wa shayiri uliochanganywa na mafuta ya nundu ya ngamia, tende zilizokandwa kwa samli, maziwa alfajiri kabla mwali hajafumbua macho sawasawa. Wapo wanaofupisha njia kwa vidonge vya sokoni vya kuvimbisha mashavu. Ghlana hakuvitaka. Niliwahi kumsikia akimwambia mama mmoja aliyevileta, "Peleka kwa mbuzi wako. Na mbuzi mwenyewe umwonee huruma."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila bakuli lililoingia chumbani, alianza kula yeye. Aliketi mbele ya mwali, akachota kwa vidole vitatu, akameza taratibu, kisha akasukuma bakuli mbele. "Umeona? Mimi nimekula. Zamu yako, mama." Wasichana waliolia kwa wanenepeshaji wengine hawakulia kwake. Kula peke yako huku mtu anakutazama ni adhabu. Kula na mwenzako ni kula.

Mama wa mwali alipofika kwa mara ya kwanza hakuuliza mengi. Alimtazama Ghlana tu. Mikono iliyojaza melhfa, ile nguo ndefu tunayojitanda mwili mzima, shingo yenye mikunjo, nyayo nono zenye hina. Akitosheka na alichokiona, alimwacha binti yake.

Unene huo ulikuwa na sababu nyingine.

Mumewe, Hamdi, aliendesha lori la samaki kutoka Dakhla kwenda miji ya kaskazini. Binti yao wa pekee, Mahjuba, alikuwa bado anatambaa Hamdi alipoanza kukonda. Alikonda mashavu, kisha mabega, kisha ikawa akivaa joho lake unaona joho linatembea lenyewe. Watu walisema ni mapafu. Wengine hawakusema kitu, na hao ndio wa kuogopa. Alipokufa, Ghlana alikwenda Agadir kupimwa, kwa sababu huku Golmim kila muuguzi ni binti wa mtu unayemjua. Akaambiwa anavyo virusi vya UKIMWI. Mtoto alipimwa akaonekana hana. Wakamwanzishia dawa.

Aliporudi alikuwa ameshika mambo mawili. La kwanza, kumeza dawa kila siku, asiruke hata moja. La pili hakuambiwa na daktari: asikonde. Mjane wa mtu aliyekufa amekonda vile, naye akianza kukonda, mji mzima utajumlisha wenyewe. Basi akala. Alikula kama mtu anayejenga ukuta. Dawa zikamrudishia nguvu, chakula kikamrudishia mwili, kisha kikaongeza, kikaongeza tena. Wanawake wakaanza kusema, "Mtazameni Ghlana, kanawiri. Basi kweli Hamdi yalikuwa mapafu." Baada ya muda mmoja wao akamletea binti yake amnenepeshe, na kazi ikaanzia hapo.

Kila baada ya miezi kadhaa alikwenda kliniki Agadir. Sisi majirani alituambia ni magoti. Tulimwamini, magoti yale kweli yalikuwa na mzigo.

Muuguzi wa pale aliitwa Bushra, msichana wa kaskazini mwenye maneno ya haraka. Siku moja, Mahjuba akiwa ameshakuwa mkubwa na ndiyo kwanza ameposwa, Ghlana aliingia chumbani kwake akaketi bila salamu.

"Mama, umepandaje ngazi hizi?" Bushra akauliza.

"Kama kila mtu. Kwa miguu."

"Nimekusikia unahema tangu kule chini."

"Basi una masikio ya mbuzi, mwanangu."

Bushra akamfunga mkanda wa presha mkono mmoja, akaufungua, akamfunga wa pili. Akangoja majibu ya damu. Kisha akavuta kiti karibu.

"Virusi havionekani kwenye damu yako, miaka sasa. Ukiendelea na dawa, hivyo havitakusumbua. Kinachonitia wasiwasi ni moyo."

"Moyo wangu una nini? Haujapenda mtu tangu Hamdi afe. Umepumzika vya kutosha."

Bushra alicheka, lakini hakuliacha. Alimweleza kwamba virusi hata vikilala, mwili haulali. Unakaa kama mtu aliyesikia nyayo uani usiku, masikio yamesimama miaka yote, na kukesha huko kunachubua mishipa kwa ndani, mafuta yanapata pa kunata. Ndiyo maana watu wanaotumia dawa hizi, hata wanaozitumia vizuri, hupata ugonjwa wa moyo na kiharusi mapema kuliko wenzao wa umri mmoja. Juu ya hayo yeye ana presha, ana mafuta mengi kwenye damu, anakula chumvi, na kutwa ameketi.

"Basi niache zile dawa za kwanza," Ghlana akasema. "Labda ndizo zilizoninenepesha."

"Usithubutu! Ukiziacha virusi vinaamka, na moyo ndio utakaoumia zaidi."

Daktari akampa kidonge cha presha na kingine cha mafuta ya damu, vilivyochaguliwa visigombane na vile vya kwanza. Wakamwonya asimeze dawa ya moyo ya jirani wala aliyoandikiwa na daktari asiyejua anatumia nini. Vidonge akavipokea. Walipofika kwenye kupunguza uzito, akakataa.

"Vidonge nitameza hata kikapu kizima. Kukonda, hapana. Wewe si wa huku kwetu, Bushra. Nikikonda watanizika kabla sijafa. Na binti yangu kaposwa juzi tu."

"Na usipopungua tutakuzika ukiwa mnene," Bushra akasema. Kisha akashika mdomo. "Nisamehe, mama. Lakini ndivyo ilivyo."

Ghlana alisafiri kurudi nyumbani na hasira. Posa yenyewe haikuwa ya mchezo. Mahjuba aliposwa na mtoto wa Fatimetu, mwanamke mrefu, mnene, mwenye sauti, anayejua nani kanunua nini sokoni kabla hakijafika jikoni. Ukoo wao ni mkubwa na una watu wa kila namna, mpaka daktari wa moyo, Lehbib, mpwa wake Fatimetu, mwenye chumba cha tiba palepale barabara kuu. Ghlana alikuwa na hakika ya jambo moja: Fatimetu akijua alichougua Hamdi, harusi haipo.

Kwa hiyo alimeza vidonge vyote na akaendelea kula.

Majira yale alikuwa na mwali ndani. Adhuhuri moja bakuli likaingia, akaketi mbele ya msichana kama kawaida, akachota. Tonge likiwa mdomoni kifua kikambana, kama mtu aliyemkalia. Maumivu yakapanda mpaka kwenye taya. Jasho likamtoka wakati chumba kilikuwa na baridi. Akameza lile tonge.

"Shangazi," mwali akasema, "mbona umekuwa rangi ya majivu?"

"Kula wewe."

Mwali hakula. Alitoka mbio kumwita Mahjuba, na Mahjuba hakungoja ushauri wa mtu. Alikodi gari, akampakia mama yake, wakaenda Agadir. Huko wakaambiwa mshipa mmoja wa moyo umekuwa mwembamba lakini haujaziba. Wakamlaza, wakampa dawa. Daktari alimwambia wazi kwamba safari hii ameonywa, na safari nyingine huenda asionywe.

Mahjuba alikwishaujua ugonjwa wa mama yake, aliambiwa alipopevuka. Siku ya kurudi hakulia wala hakubembeleza.

"Mama, nikiolewa wewe uko kaburini, nani atagombana na Fatimetu kwa niaba yangu?"

"Utagombana mwenyewe. Ulimi unao."

"Mimi nitakuwa mgeni kwake. Wewe ndiye saizi yake."

Ghlana akageukia dirisha la gari. Halafu akasema, "Nitasema nina sukari."

Wazo hilo si la kipumbavu. Kwetu sukari ni ugonjwa wa heshima. Kila nyumba ina mtu mwenye sukari, na mtu huyo huruhusiwa kukataa chai tamu, kukataa nundu, hata kukonda, bila mtu kumtazama mara mbili. Kusema ni moyo ilikuwa hatari. Ungesema moyo tu, Fatimetu angekushika mkono akupeleke kwa Lehbib, na Lehbib angetaka kuona dawa zote unazotumia. Sukari haikuwa na mpwa.

Basi habari ikatoka kwamba Ghlana kalazwa kwa sukari. Tulikuja kumpa pole na kila mmoja ana mti wake wa kuchemsha. Mama wa yule mwali akaja kumchukua binti yake kabla ya muda, kwa adabu, akisema msichana ameshatosha. Ghlana akaanza kula samaki wa kuchoma, dengu, mboga, mkate wa shayiri mkavu. Chai akanywa bila sukari, na kila glasi alikunja uso kama anakunywa maji ya betri. Baada ya miezi michache melhfa ikaanza kumpwaya mabegani. Mimi nililiona mapema, na nilipata hofu. Nilidhani sukari imempanda na anatuficha.

Fatimetu naye aliona. Yeye mwenyewe ana sukari ya miaka mingi, na mkobani hubeba kile kipimo cha kuchoma kidole. Alasiri moja tulikuwa tumeketi kwa Ghlana wanawake wengi, chai ya pili inamiminwa, Fatimetu akakitoa kipimo akakiweka juu ya zulia.

"Lete kidole, mkwe wangu."

"Cha nini?"

"Unanyauka kila siku. Nataka kujua daktari wako wa Agadir anakutibu au anakucheka."

"Nimepimwa juzi."

"Na leo tunapima tena. Au kidole unakiogopa? Mwanamke mzima!"

Wengine wakacheka. Mmoja akasema, "Mshikeni!" Mahjuba, aliyekuwa akimimina chai, akaacha kumimina. Ghlana alikunja mikono ndani ya nguo yake, kisha akaona kwamba kukataa ni kubaya zaidi kuliko kukubali, akanyoosha kidole. Fatimetu akachoma, akaweka tone la damu kwenye kikaratasi, akangoja. Akasoma. Akakipiga kipimo kwenye kiganja, akasoma tena.

"Subhana Allah," akasema. "Mimi sijawahi kuona namba hii tangu niolewe. Hii ni sukari ya mtoto."

Macho yote yakamgeukia Ghlana.

"Si ndiyo maana nimeacha kula?" Ghlana akasema. "Wewe unakula tende sita halafu unashangaa namba zako. Ungeacha kula ungekuwa na namba kama yangu."

Wanawake wakaangua kicheko, wakamgeukia Fatimetu. "Kakupata, bibi wee! Tende sita!" Fatimetu naye akacheka, akabadilisha sindano, akajifuta kidole chake akajipima mwenyewe, akaficha namba, ikawa kelele mpya. Mimi nilikuwa nimeketi karibu naye. Alipokuwa anacheka macho yake hayakumtoka Ghlana.

Kesho yake alirudi peke yake, mapema, hajapiga hata hodi ya pili. Ghlana alikuwa jikoni anachambua dengu.

"Huna sukari," Fatimetu akasema.

Ghlana akaendelea kuchambua.

"Sikuja kugombana. Mtoto wangu anaingia nyumba hii, binti yako anaingia yangu. Mwanamke anayekonda ana kitu. Sema."

Ghlana alinisimulia kwamba hapo alipima haraka, kama mtu anayetafuta pa kukanyaga kwenye mawe ya mto. Uongo mpya ulihitaji kutungwa, na alikuwa amechoka kutunga.

"Ni moyo," akasema.

"Moyo! Na mpwa wangu yuko pale anatibu moyo, wewe unakwenda Agadir? Vaa. Twende."

"Fatimetu, sikiliza..."

"Vaa."

Angeweza kukataa. Lakini kifua kilikuwa kimemkumbusha tena siku chache nyuma, kidogo tu, na Agadir ni mbali. Alikwishafikiri, bila kumwambia mtu, kwamba siku kikibana tena huenda gari lisiwahi. Kuwa na daktari mtaani anayejua kila kitu, au kuendelea kuwa na siri mtaani: vyote viwili kwa pamoja havikuwezekana. Akavaa. Akachukua dawa zake zote, za presha, za mafuta, na zile za kwanza, akazifunga kwenye kitambaa.

Kwa daktari Lehbib, Fatimetu alitaka kuingia naye. Ghlana akasimama mlangoni.

"Utaningoja hapa."

"Mimi ni kama dada yako."

"Na dada yangu pia angengoja hapa."

Akafunga mlango. Akafungua kitambaa juu ya meza. Lehbib, kijana mwenye miwani, alisoma kopo la kwanza, akasoma la pili, akainua macho. Hakushtuka, au alijua kutokuonyesha. Akauliza tangu lini. Akauliza kuhusu kifua, taya, ngazi, chumvi. Akamlaza akampima moyo kwa zile nyaya. Mwisho akasema, "Afadhali umenionyesha hizi. Kuna kidonge cha mafuta ninachowaandikia wagonjwa wengi wa hapa. Kwa hizi dawa zako za kwanza kingekudhuru. Ulichopewa Agadir ndicho. Endelea nacho."

"Na shangazi yako?"

"Shangazi yangu ataniuliza leo, kesho na keshokutwa," akasema. "Nami nitamwambia ninachomwambia siku zote: akitaka kujua, augue mwenyewe."

Nje Fatimetu alikuwa amesimama juani, hakuketi hata kwenye benchi.

"Kasema nini?"

"Moyo. Nipungue zaidi, nitembee kila siku, chumvi niiache."

"Na nini kingine?"

"Kingine ni changu."

Ghlana alisema kwamba hapo ndipo aliiona harusi ya binti yake ikisimama ukingoni. Fatimetu alijitanda upya, akavuta nguo mpaka kwenye paji la uso, akachukua muda wake.

"Hamdi alipozidiwa," akasema, "mume wangu ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari letu. Aliporudi alikaa kimya siku nzima. Sikumuuliza. Mpaka amekufa sijamuuliza. Miaka yote hiyo nimekaa na kutouliza, na nyumba yangu haikuanguka." Akaanza kushuka barabara. "Kajipimie viatu vingine. Viatu hivi havitembei."

"Kwa hiyo harusi?"

"Harusi imefanya nini?"

Harusi ilifanyika msimu uliofuata. Wapo waliomtazama Ghlana kwa jicho la upembe siku hiyo; mwili ulikuwa umepungua nusu ya ukuta, na mji huu haukosi wa kujumlisha. Kuna nyumba mbili tatu hazikumwalika tena. Na kazi yake ilikufa. Mama mmoja alikuja na binti yake, akaingia, akamtazama juu mpaka chini, akanywa glasi moja ya chai na kukumbuka kwamba ana safari. Jioni ile tukasikia msichana amepelekwa kwa mwingine, nyuma ya soko la ngamia. Ghlana sasa anauza melhfa mlangoni kwake. Anasema nguo hazimlazimishi azile kwanza.

Vidonge anameza. Presha imeshuka, haijafika wanapotaka. Bushra bado anamgombeza kwa chumvi, na ana haki, kwa sababu nimemwona kwa macho yangu akila zeituni za chumvi na kuficha kokwa kwenye bakuli la mwenzake. Hofu anayo, akinyamaza ghafla mkono huenda kifuani, na Mahjuba akiwapo huacha anachofanya mpaka mkono ushuke.

Kila alasiri jua likipungua hutembea na Fatimetu barabara ya uwanja wa ndege, wanawake wawili wenye viatu vya michezo chini ya melhfa, mmoja anaongea na mwingine anajibu kwa mkato. Juzi nilikuwa nyuma yao kidogo. Wakapita mbele ya mkahawa ambako vijana hukaa kutwa, na mmoja akapaza sauti, "Mashangazi! Mnakwenda Agadir kwa miguu?"

Fatimetu hakugeuka. "Tunakwenda kumtafutia mama yako mkwe! Kwako wewe kakata tamaa!"

Mkahawa mzima ukalipuka. Ghlana akacheka mpaka mabega yakatikisika, barabara inapanda kilima, na hakusimama.